Somo: Kufundisha Sayansi kwa Matuta ya Kunde katika Shule ya Msingi, Mkoa wa Tabora

Bustani ya shule mara nyingi huwa mahali pa kazi za mikono au, vibaya zaidi, pa adhabu ya wachelewaji, ilhali somo la Sayansi linaendelea ubaoni umbali wa hatua chache. Somo hili linaeleza namna ya kuviunganisha viwili hivyo kwa zao moja, kunde, ambazo kila mtoto wa Tabora anazijua, ikiwa si kwa punje basi kwa majani yake yaliyokaushwa, nsansa. Wakati mzuri ni Januari shule zinapofunguliwa, kwa kuwa mvua zinazoanza Novemba huendelea hadi Aprili.

Hatua ya kwanza: udongo. Jazeni udongo theluthi moja ya chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ongezeni maji, tikiseni, kisha iacheni mezani. Mchanga hutua ndani ya dakika chache, lakini chembe za mfinyanzi huchafua maji hata siku nzima. Wanafunzi wapime kila tabaka kwa rula na kulichora.

Hatua ya pili: mbegu. Kila kundi lifunge mbegu kumi katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku nne au tano lihesabu zilizoota. Asilimia ikipatikana hapo, somo la Hisabati limefundishwa bila kutangazwa.

Hatua ya tatu: kupanda. Tengenezeni matuta matatu yanayolingana ukubwa: la kwanza kunde bila samadi, la pili kunde na samadi iliyooza vizuri, la tatu mahindi bila samadi. Siku ya kupanda iwe moja na, mvua ikikatika, maji yawe kiasi kilekile kwa matuta yote. Nalisisitiza hili kwa sababu mwalimu akibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hakuna mwanafunzi atakayeweza kusema ni lipi lililoleta tofauti.

Hatua ya nne: vipimo. Fungeni uzi kwenye mimea michache ya kila tuta, na ipimwe hiyohiyo kila wiki. Kopo lenye pande zilizonyooka, likiwekwa mbali na miti na paa, linatosha kupimia mvua.

Hatua ya tano: mizizi. Hapa ndipo penye utamu. Kunde zinapokaribia kutoa maua, chimbeni mimea kwa koleo pamoja na udongo wake, kwani kuing'oa kwa mkono huacha ardhini vinundu, yaani vivimbe vidogo vya mviringo vilivyoshika kwenye mizizi. Loweka mizizi katika ndoo hadi udongo uachie. Vinundu vitaonekana kwenye kunde, na kwenye mahindi havitakuwepo. Kata kinundu kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria waliomo wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, na mmea nao huwalipa kwa sukari. Rangi hiyo hutokana na protini inayofanana na himoglobini ya damu yetu, jambo ambalo watoto hawalisahau. Kinundu cheupe au cha kijani ndani hakifanyi kazi, ama kwa uchanga ama kwa uzee.

Maswali ya walimu

*Mwalimu, darasa langu lina wanafunzi zaidi ya mia. Watatosha kwenye matuta matatu? (Urambo)*

Hawatatosha wote kwa pamoja. Wagawe makundi, kila kundi lipime siku yake, na kumbukumbu zote ziandikwe katika daftari moja.

*Kunde zetu zenye samadi ni ndefu, lakini vinundu vyake ni vichache. Tumekosea wapi? (Sikonge)*

Hamjakosea, mwalimu mwenzangu. Hayo ndiyo matokeo yenyewe. Mmea unaopata naitrojeni ya kutosha udongoni hauna haja ya kuwalisha bakteria wengi. Waulize kwanza wanafunzi wanadhani ni kwa nini, na uvumilie ukimya wao.

*Shamba letu lililimwa tumbaku miaka ya nyuma. Mizizi ya kunde ina mafundo, lakini hayabanduki. Je, ni vinundu? (Uyui)*

Inaelekea sivyo. Kinundu hushikilia ubavuni mwa mzizi na hubanduka kikisuguliwa kwa kidole, ilhali fundo lisilobanduka ni mzizi wenyewe uliovimba kwa kushambuliwa na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Minyoo hiyo huipenda tumbaku na pia nyanya, bilinganya na nyanya chungu, ambazo ni za ukoo mmoja na tumbaku. Kwa hiyo msizipande hapo kwa sasa. Msimu ujao pandeni karanga, ambazo kwa kawaida haziathiriki sana, na mizizi yenye mafundo ichomwe badala ya kutupwa kwenye shimo la mboji. Bakizeni michache katika ndoo ya maji hadi kipindi kinachofuata, ili wanafunzi waulinganishe na mzizi wenye vinundu halisi na kuichora yote miwili.