Kuchambua sini ya kwanza ya filamu ya taharuki

Usianzie kwenye kibanda umiza (banda la kuonyeshea video), awe DJ wa Lindi au wa Mtwara: sauti yake ya kutafsiri hufunika redio, nyayo na ukimya. Tafuta kopi yenye sauti yake halisi, daftari na saa ya sekunde.

Tuchukue Rear Window ya Alfred Hitchcock (1954). Tazama dakika tano za mwanzo mfululizo. Kisha rudia bila sauti ukiwa na safu tatu: muda, kinachoonekana, tunachokijua sasa. Kila kamera inapokata kwenda picha nyingine au kutua kwenye kitu, anza mstari mpya. Kamera inazunguka ua, inatua kwenye paji la uso la mhusika mkuu lenye jasho, halafu kipimajoto kilichopita nyuzi 90 za Fahrenheit, yaani zaidi ya 32 za Selsiasi. Mtu wa Mikindani, pwani kwenye joto, haulizi kwa nini madirisha yako wazi! Baadaye unakuja mguu wake uliofungwa hogo la plasta, kamera iliyovunjika, picha ya ajali ya mbio za magari. Mhusika hajatamka neno, nasi tunajua kazi yake na alivyoumia.

Angalia pia nani ametangulia kujua. Mhusika amelala, amelipa kisogo dirisha. Sisi tumeshawachungulia majirani kabla yake.

Mara ya tatu fumba macho, usikilize tu.

Wengi huharibu kwa kuandika "inatisha". Hiyo ni hisia; andika kilichoileta, na sekunde yake. Na si kila paka anayepita uani ni ishara.