Kurudi kwenye kazi ya hina ukiwa na baridi yabisi mikononi

Kabla hujampigia simu mteja hata mmoja, jua mikono yako huamka saa ngapi. Yangu huamka saa nne. Alfajiri vidole vimekakamaa, hata kifuniko cha mafuta ya nazi namwita mtoto anifungulie. Baridi yabisi ninayosema mimi ni ile ya kinga ya mwili kuvigeukia viungo vyake yenyewe: hushika vifundo vya mikono yote miwili, na ukakamavu wa asubuhi huchukua saa nzima na zaidi. Basi hapa Mombasa mtu akitaka apakwe saa mbili asubuhi namwambia aje baada ya adhuhuri. Waliokataa ni wachache. Bibi arusi mwenyewe asubuhi ana mambo yake.

Wiki nayo ipange na dawa. Wengi wetu tumeandikiwa methotreksati, ambayo humezwa siku moja tu kwa wiki. Ukikosea ukaimeza kila siku yaweza kukutoa roho, kwa hiyo andika jina la siku juu ya pakiti kwa kalamu nene. Mimi kesho yake hunyong'onyea, chakula sikitaki. Nikaongea na daktari, siku yangu ikawa Jumapili usiku, na Jumatatu sipokei kazi. Nikahi zetu nyingi ni Ijumaa, na hina hukolea vizuri siku ya pili baada ya kubanduliwa, kwa hiyo bibi arusi nampaka Jumatano. Jumatano mikono yangu ni mizuri.

Sasa koni, kile kifuko chenye ncha cha kuminyia hina. Kinachoumiza ni kuminya, si kuchora. Tengeneza koni ndogo badala ya ile kubwa, ukiimaliza uchukue nyingine. Unga wa hina uchekeche mara mbili, ukande kwa maji ya ndimu, sukari na mafuta ya karafuu kidogo, uufunike ulale mpaka rangi itoke, kisha upitishe rojo kwenye soksi ya nailoni. Chembe moja ikiziba ncha, kidole gumba ndicho kitakacholipa. Rojo liwe jepesi kama mtindi uliokorogwa. Koni izungushie kitambaa mpaka inenepe, usiibane kwa ncha za vidole. Mkono wa mteja uwe juu ya mto, na kiwiko chako kiwe na mto wake.

Mtindo pia ubadilishe, na usimwombe mtu radhi kwa hilo. Ule wa Kihindi wa kujaza mpaka kwenye kiwiko, vijidoti juu ya vijidoti, niliupenda sana na nimeuacha. Sasa nachora Kiarabu: ua kubwa, shina linapanda kwa mshazari mpaka kidole cha shahada, na ngozi tupu katikati. Wateja wa Khaleji, nchi za Ghuba, huutaka huohuo. Piko, ile rangi nyeusi ya dawa ya nywele, sipaki kabisa, hata kwa bei mara mbili. Kemikali yake imewatoa watu malengelenge, na ngozi ya mtu si ukuta.

Arubuni chukua, lakini mwambie mteja wazi: mikono ikivimba siku hiyo, atakuja fulani badala yangu, na kazi yake ni hii, itazame. Huyo fulani mtafute mapema, mkubaliane bei. Mimi nina shoga yangu tuliyeelewana. Akiuguliwa na mtoto, mimi namsimamia, na kwangu ni vivyo hivyo. Ugonjwa mtaje kwa jina. Ukisema "nina dharura" kila mara, mtaa utasema huaminiki.

Kufundisha ndiko kulikonirudisha kwenye kazi hasa, kwa sababu mdomo wangu hauna yabisi. Hina iliyolala ikapoteza rangi usiimwage, ndiyo ya wanafunzi. Binti namkalisha na sinia lililogeuzwa chini juu: mistari kwanza, kisha doti, tone, jani, ua mwisho. Anachora, anafuta kwa tambara, anaanza tena. Mstari wake ukitetemeka usimnyang'anye koni. Mwambie, "Inua ncha kidogo, mwanangu, acha hina ianguke yenyewe." Akisikia hina inavyojivuta kutoka kwenye ncha kama uzi, siku hiyo amejua, na wewe hujaminya chochote. Akiiva, kwenye arusi mimi nashika viganja vya bibi arusi, yeye na wenzake wanapaka wageni. Hela yake mpe jioni ile ile, mkononi mwake, wala usimkate ada ya kufundishwa. Binti aliyelipwa atakuja Jumatano ijayo.

Wenzangu wagonjwa nao huja, wengine wametumwa na mama zao. Hapo uwe na mpaka. Nawaonyesha jinsi ya kunenepesha koni, mwiko, hata mpini wa kisu. Nawaambia saa zangu na siku zangu. Dawa yangu simpi mtu, na anayeniambia ameacha ya hospitali anywe mizizi simsifu, kwa sababu kifundo kikishapinda hakirudi, na dawa ni ya kukiwahi. Ambaye hajapimwa namwandikia maswali kwenye karatasi, maana mbele ya daktari mtu husahau yote: hii ni baridi yabisi ya aina gani? Damu na ini nitapimwa kila baada ya muda gani? Dawa ikichelewa kufanya kazi, maumivu niyatulize kwa kitu gani? Na kwa mabinti na wake za watu, la mwisho nalipigia mstari: nikitaka mtoto, dawa hii niiache lini kabla ya kushika mimba?