Siti ya vespa kwa mtu mrefu: magoti kwanza, sponji baadaye

Mtu wa futi sita akitoka Mjini Unguja kwenda Nungwi na vespa ambayo siti yake haijaguswa, karibu kilomita 60, hufika akiumwa magoti na makalio. Wengi humwendea fundi makochi wakataka aongeze sponji laini. Haisaidii. Siti ikiwa chini, magoti hupanda juu kuliko nyonga, mapaja huachana na siti, na uzito wote huangukia mifupa miwili ya makalio. Sponji laini hukandamizwa na mifupa hiyo mpaka iguse kitako cha siti (bamba gumu la chini, la bati au plastiki), kisha unarudi pale pale. Ukiyashusha magoti, mapaja yanabeba sehemu yao ya mzigo na makalio hupumua.

Maelezo haya yanafaa kwa Vespa PX ya gia na kwa skuta za otomatiki. Panapotofautiana pametajwa.

Hatua ya 1: Pima

Kaa kwenye kiti cha kawaida na viatu unavyoendeshea, mapaja yalale sawa na ardhi. Mtu akupime kwa tepu ya cherehani kutoka chini hadi upande wa chini wa paja, nyuma ya goti. Tuseme umepata sm 49. Sasa panda vespa ikiwa kwenye stendi ya kati, kaa kwa uzito wako wote, na apime kutoka pale unapoweka miguu hadi usawa wa siti iliyokandamizwa. Ukipata 42, umepungukiwa sm 7. Huzihitaji zote. Kupandisha sm 3 au 4 na kurudi nyuma sm 5 hadi 8 kunatosha, kwa sababu ukirudi nyuma mguu unanyooka mbele.

Pinda usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Kati ya goti na usukani pasipungue vidole viwili. Goti likizuia usukani, hilo limeshakuwa suala la usalama: kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kona hukatwa usukani ukiwa umepinda kabisa, na hapo ndipo mtu huanguka akiwa mwendo mdogo.

Hatua ya 2: Toa vinavyokula nafasi

Hii ni ya bure. Mkoba unaoning'inia kwenye ndoana mbele ya magoti, dumu lililowekwa kati ya miguu, kisanduku cha ziada kilichofungwa kifuani mwa vespa, yaani kwenye bati la mbele linalokinga miguu: vyote vihamie keria ya nyuma. Kwenye PX kisanduku cha kifuani kinaweza kufunguliwa kikatolewa, lakini angalia kwanza waya zilizopita ndani yake. Usihangaike kutafuta vifaa vya kunyanyua usukani wa PX. Usukani wake ni kichwa kizima pamoja na taa na nyaya za gia, haunyanyuliwi kama wa pikipiki.

Hatua ya 3: Jaribu kabla ya kukata

Funga kipande cha sponji gumu cha sm 3 juu ya siti kwa mpira wa kufungia mizigo, uendeshe taratibu siku mbili tatu kwenye barabara unayoijua. Kama siti ina nundu katikati, jaza bonde la mbele yake mpaka uweze kukaa juu ya nundu. Hakikisha nyayo zinafika chini kwa sehemu ya mbele, miguu yote miwili. Kama kuna mtu mwengine nyumbani anayetumia chombo hicho, naye ajaribu.

Hatua ya 4: Fungua siti

Nati za bawaba mara nyingi ni spana namba 10. Geuza siti, chomoa pini zinazoshika ganda (ngozi ya juu ya siti) moja moja kwa bisibisi bapa na koleo. Usivute kwa nguvu: ganda la zamani ndilo kigezo cha kukatia jipya. Ukikuta sponji limelowa, lianike kivulini mpaka likauke kabisa, maana gundi haishiki penye unyevu. Kitako cha bati kikiwa na kutu, piga msasa na upake rangi sasa hivi. Hutapata nafasi nyengine.

Hatua ya 5: Sponji

Hapa ndipo kazi inapoharibika mara nyingi, hivyo usiharakishe.

Nundu kwanza. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito, kata kwa kisu chenye meno cha mkate, tabaka la sm 1 kwa wakati mmoja. Usishuke chini ya sm 5 za sponji juu ya kitako. Zaidi ya hapo utakalia plastiki.

Kwa kuongeza, sponji la godoro la kawaida halifai. Omba gumu, au lile lililogandishwa kwa vipande vya rangi mbalimbali. Duka haliwezi kukwambia uzito wake? Kata mchemraba wa sm 10 kila upande, uweke kwenye mizani ya duka la viungo. Ukisoma gramu 60 au zaidi, chukua. Gramu 20 ni godoro la wageni, liache.

Panga hivi: tabaka gumu la sm 2 hadi 3 chini, laini la sm 1 juu. Laini likizidi hapo, linakunywa kimo chote ulichokiongeza. Paka gundi ya viatu nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Gundi ikiwa nzito hukauka ikawa ukingo mgumu utakaousikia kila tuta.

Sehemu ya kukalia iwe tambarare. Siti inayoteremka mbele hukusukuma hadi magoti yarudi kwenye kifua cha vespa, na kazi yote inakuwa bure. Pua ya mbele ichongwe nyembamba ili mapaja yasitanuke unaposimama.

Fikiria na abiria. Ukirudi nyuma sm 8, nafasi yake imepungua kiasi hicho hicho. Anayekaa upande anahitaji pahala tambarare na mkanda wa kushikia, kwa hiyo mkanda usiutoe hata kama unakuudhi.

Hatua ya 6: Maji na ganda

Funika sponji kwa nailoni nzito kabla ya ganda. Mvua ya masika hupenya kwenye tundu za sindano. Toboa tundu la mm 6 pahala pa chini kabisa pa kitako ili maji yatakayoingia yatoke. Mshono usipite pale unapokalia.

Ngozi ya plastiki iwe na kitambaa kinachovutika nyuma yake. Rangi ya kijivu au kahawia isiyokoza ni bora kuliko nyeusi. Ukiegesha juani Darajani saa saba utajua kwa nini. Ianike juani kabla ya kuvuta ili ilainike. Piga pini ya katikati mbele, kisha katikati nyuma, halafu pande zote kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja wote kabla ya mwengine, mikunjo haitatoka. Kwa kitako cha plastiki pini za mm 6 zinatosha, na ziwe za chuma kisichoshika kutu. Zile za kawaida huliwa na hewa ya chumvi, kisha ganda hufunguka pembeni.

Hatua ya 7: Rudisha na urekebishe

Siti ya PX lazima ifunguke kikamilifu, maana mfuniko wa petroli uko chini yake. Angalia vipira vya chini ya siti vinagusa bodi vyote. Kikikosekana kimoja, kitako hupinda na baadaye hupasuka.

Uzito umesogea nyuma. Kaza shokapu ya nyuma hatua moja kama ina ngazi za kurekebisha, pima upepo wa matairi, na upange vioo upya kwa sababu macho yako yamepanda. Usukani ukianza kutetemeka kwenye mwendo wa kasi, hasa ukiwa na abiria, umerudi nyuma kupita kiasi: ongeza sponji mgongoni mwa nafasi yako likusogeze mbele sm 2, halafu jaribu tena.