Ukienda Kimondo cha Mbozi, fungua dira ya simu

Kwa mlio Mbeya na mnaopeleka watoto au wageni kuona kimondo kule Mbozi, kabla hamjafika Vwawa: wengi hupiga picha, wakagusa, wakaondoka wakisema "kumbe ni jiwe tu". Sasa fungua dira kwenye simu. Simama mbali kwanza, uone kaskazini iko wapi, kisha ipitishe simu taratibu ubavuni mwa kimondo, toka ncha moja hadi nyingine (kina urefu wa mita 3 hivi). Mshale utayumba. Sababu ni kwamba si jiwe hata kidogo: karibu asilimia 90 ni chuma, na kinachobaki zaidi ni nikeli. Tani zipatazo 16 za chuma lazima ziivuruge dira. Ukifanya hivyo kwa kile cha Hoba, Namibia, chenye tani 60 hivi, mambo ni yale yale.

Jaribio litakwama kama simu haina kihisi cha dira, na simu nyingi za bei ndogo hazina. Kava lenye sumaku nalo livue, na usipimie karibu na gari. Halafu msibebe sumaku ya spika kwenda kubandika pale, hata kama watoto wanaililia: sumaku kali hufuta alama za usumaku wa kale ambazo wanasayansi huzisoma ndani ya vimondo. Dira inatosha, tena haiachi hata mkwaruzo.