Kubebesha mshokishoki kwa jicho

Anayeotesha mishokishoki kwa mbegu kitaluni, iwe Unguja au Pemba, aelewe kwamba sehemu kubwa ya miche hiyo huweza kuwa midume isiyozaa hata tunda moja, na jambo hilo hujulikana tu baada ya miaka 5 au zaidi ya kuihudumia. Ndiyo maana nashauri kwa moyo wote mbegu itumike kuotesha shina tu, na zao litokane na jicho (kichipukizi kilicho kwenye gome la tawi) lililotwaliwa katika mti ambao mashokishoki yake umeyaonja mwenyewe. Subiri shina linenepe kupita penseli, kisha fanya kazi wakati wa mvua, gome linapobanduka kwa urahisi. Kata dirisha dogo kwenye gome la shina, pachika hapo upesi kipande cha gome chenye jicho kabla hakijakauka, na ufunge utepe wa plastiki kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia uliotangulia, ili maji ya mvua yateleze nje. Baada ya wiki 3 hivi fungua, ukwaruze kidogo kwa ukucha: pakiwa kijani, jicho limeshika. Mbegu zenyewe zipandwe mara zinapotolewa kwenye tunda, kwani zikikauka hufa.