Unga wa kabla ya mazoezi: anza na hesabu ya kafeini

Kopo la unga wa kabla ya mazoezi (pre-workout), ule wa kukoroga kwenye maji na kunywa ili upate nguvu jimu, mara nyingi ni kahawa iliyovaa suti. Ondoa picha ya simba, ondoa rangi ya buluu na ladha ya tikitimaji, na kinachobaki kukukodolesha macho ni kafeini. Vilivyobaki vingine vina kazi, vingine ni mapambo. Ndiyo maana watu ninaowafundisha jimu siwaruhusu waanze na swali la "kopo gani zuri?" Nawapa kalamu kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha wewe ni mtu wa kutumia kitu hiki

Mwenye presha ya juu, mapigo ya moyo yasiyotulia au anayepatwa na vipindi vya hofu kali, aongee na daktari kabla ya kufungua kopo. Mjamzito dari lake la kafeini ni miligramu 200 kwa siku nzima, na kopo moja linaweza kulivuka kwa kijiko kimoja. Walio chini ya miaka 18 mimi siwapi kabisa. Kama unameza dawa, muulize mfamasia, kwa sababu zipo dawa, kwa mfano siprofloksasini na fluvoksamini, zinazozuia mwili kuvunja kafeini. Kikombe kimoja kinakuwa kama viwili, na hutajua kwa nini mikono inatetemeka.

Kisha jiulize kama umelala na kama umekula. Wengi wanaoniambia "kocha, sina nguvu" hawajala tangu asubuhi.

Hatua ya 2: Piga hesabu yako mwenyewe

Utafiti mwingi wa michezo umeona faida ya kafeini kati ya miligramu 3 na 6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 akizidisha kwa 3 anapata 210. Akizidisha kwa 6 anapata 420, na hapo amekwisha kuvuka miligramu 400, kiwango ambacho mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikitaja mwaka 2015 kuwa hakina shida kwa mtu mzima mwenye afya kwa siku nzima. Kwa dozi moja walitaja 200. Kwa hiyo hiyo 6 ya watafiti waachie watafiti. Mimi huanzia 1.5, yaani kama miligramu 100 kwa mtu wa kilo 70, na mara nyingi sina haja ya kumpandisha mtu zaidi ya 3.

Sasa toa ulichokwisha kunywa. Kikombe cha kahawa ya kuchuja ni karibu miligramu 90. Chai nyeusi ni kama nusu yake. Kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu lina namba yake ubavuni. Mtu aliyekunywa kahawa mbili asubuhi na chai mbili mchana ana karibu 270 tayari. Nafasi yake ya jioni ni ndogo, hata kama kijiko cha kopo ni kikubwa.

Inafaa ujue kinachotokea kichwani, maana ukishakielewa huhitaji kukariri sheria. Tangu uamke, ubongo unakusanya kitu kinachoitwa adenosini. Kadiri inavyoongezeka na kukaa kwenye vipokezi vyake, ndivyo unavyosinzia. Kafeini inakuja na kukalia viti vya adenosini bila kufanya kazi ya mwenye kiti. Uchovu haujaondoka. Umesimamishwa mlangoni, na kafeini ikiinuka, wote waliokuwa wamesubiri wanaingia kwa pamoja.

Hatua ya 3: Hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kulala

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Mwili wa mtu mzima huondoa nusu ya kafeini kwa wastani wa saa 5, ingawa watu wanatofautiana sana. Mvutaji wa sigara huiondoa haraka zaidi. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huchelewa. Chukua huo wastani: ukinywa miligramu 200 saa 12 jioni, saa 5 usiku bado una 100 mwilini. Ni sawa na kupanda kitandani na kikombe cha kahawa mkononi.

Upo utafiti wa mwaka 2013 ambamo watu walipewa miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala, na usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa moja. Ubaya ni kwamba mtu anaweza kupoteza saa hiyo na asubuhi akasema amelala vizuri.

Mimi mwenyewe niliwahi kuweka vijiko viwili vilivyojaa kabla ya mazoezi ya saa 1 usiku. Mazoezi yalikuwa matamu. Saa 8 usiku nilikuwa nimelala ubavu, sikio kwenye mto, nikisikiliza moyo wangu mwenyewe kama ngoma ya jirani. Kesho yake nilichoka, nikaongeza kijiko. Wiki ilikwisha kwa mtindo huo.

Kanuni yangu: kutoka saa unayolala, rudi nyuma saa 8. Baada ya hapo, hakuna kafeini. Ukifanya mazoezi usiku, nunua unga usio na kafeini au usinunue kitu.

Hatua ya 4: Soma lebo kutoka nyuma ya kopo

Mbele ni matangazo. Nyuma, angalia kwanza kipimo kimoja ni vijiko vingapi. Makopo mengine yanasema kipimo ni vijiko viwili, mengine kimoja, na hapo ndipo mtu anapojizidishia bila kukusudia. Kisha jumlisha kafeini yote. Huwa imegawanywa kwa majina: kafeini isiyo na maji, guarana, dondoo ya chai ya kijani, yerba mate. Zote ni kafeini ileile ikishafika tumboni.

Ukiona viungo vingi vimefungwa pamoja chini ya jina la mchanganyiko wa siri wa kampuni, na uzito mmoja tu umeandikwa kwa vyote, rudisha kopo rafuni. Siyo lazima kiwe kibaya, ila huwezi kufanya hesabu ya hatua ya 2 kwa namba usiyopewa.

Viungo vingine vyenye thamani ni vichache.

Theanini, iliyomo kwenye majani ya chai, ndiyo ninayoithamini kwa umakini. Miligramu 100 hadi 200 pamoja na kafeini humtuliza mtu anayetetemeka haraka, na akili inabaki kwenye kazi moja. Ukitafuta umakini kuliko misuli kuvimba, jicho lako liende hapa.

Sitrulini husaidia mishipa ya damu kutanuka. Tafuta gramu 6 hadi 8 za sitrulini malati. Kopo lenye gramu 1 limeiweka kwa ajili ya kuiandika tu. Kama unatumia dawa za moyo za aina ya naitreti au vidonge vya nguvu za kiume, usiiguse kabla ya kumuuliza daktari, kwa kuwa presha inaweza kushuka mno.

Beta-alanini ndiyo inayowasha uso na mikono. Mwanafunzi wangu mmoja alikimbilia bombani kunawa akidhani ana mzio. Mwasho huo hauna madhara na hupita, lakini pia hauna maana yoyote kuhusu nguvu. Beta-alanini hufanya kazi kwa kujaza kanosini, kemikali inayopunguza asidi ya mazoezi, kwenye misuli, na hilo linataka gramu 3.2 hadi 6.4 kila siku kwa wiki 4 au zaidi. Dozi ya leo haisaidii mazoezi ya leo. Kampuni zinajua watu wanapenda kuhisi kitu.

Kreatini nayo ni nzuri sana, gramu 3 hadi 5 kila siku, ila haijali saa wala haijali kama leo ni siku ya mapumziko. Inunue peke yake. Ni rahisi zaidi, na haitakulazimisha kunywa kafeini ili uipate.

Vitamini B12 ya asilimia elfu kadhaa ya mahitaji ya siku? Pita.

Hatua ya 5: Angalia nani amelipima

Marekani, tangu sheria ya mwaka 1994, virutubisho haviidhinishwi na serikali kabla ya kuuzwa, na makopo mengi duniani yanatoka huko. Tafuta mhuri wa mpimaji wa nje: Informed Sport au NSF Certified for Sport. Kwa anayeshindana kwenye michezo hili halina mjadala. Kafeini iliondolewa kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, mwaka 2004, lakini vichangamshi vingine vimo. Ukiona vichangamshi vya DMAA au DMHA kwenye lebo, acha, hata kama hushindani.

Na usinunue unga mtupu wa kafeini wa kujipimia mwenyewe. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imeonya kuwa kijiko kimoja cha chai cha unga huo ni sawa na vikombe 28 hivi vya kahawa. Watu wamekufa kwa kukosea kipimo.

Hatua ya 6: Jaribio la kwanza

Chagua siku ya mazoezi unayoyajua, si siku ya kujaribu uzito mpya. Pima unga kwa mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu kijiko cha plastiki hupima ujazo, na unga ulioshindiliwa na uliolegea havilingani uzito. Tikisa kopo kabla, maana chembe ndogo hushuka chini na kopo likifika mwisho dozi inabadilika.

Weka nusu ya kipimo. Koroga kwenye maji mililita 300 au zaidi, unywe taratibu dakika 30 hadi 60 kabla ya seti ya kwanza. Chakula kizito huchelewesha, kwa hiyo kama umekula sasa hivi usishangae ukikawia kuhisi, na usiongeze kijiko. Wale wanaobwia unga mkavu ili ufanye kazi haraka wanacheza na koo lao na moyo wao. Unga unaweza kuingia njia ya hewa, na kafeini yote inafika kwa mkupuo.

Andika mambo matatu kwenye daftari: saa uliyokunywa, hali yako wakati wa mazoezi, na saa uliyopata usingizi. Baada ya mara tatu utaona kama nusu inatosha. Mara nyingi inatosha. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo unaorukaruka ni vya kusimamisha mazoezi na kutafuta msaada papo hapo, si vya kuandika daftarini.

Hatua ya 7: Usilifanye la kila siku

Mimi hulitumia siku mbili kwa wiki, za miguu na za mgongo, kwa kuwa ndizo ninazozikwepa. Mwili huzoea kafeini, na anayeinywa kila siku huishia kuinywa ili awe kama alivyokuwa zamani. Ukifika hapo, punguza kwa robo kila siku chache badala ya kukata ghafla. Ukikata ghafla, kichwa huanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, na siku ya pili ndiyo mbaya zaidi. Siku hiyo ipangie mwishoni mwa wiki, kunywa maji, na kopo lifungwe kabisa, mbali na unyevu, usije ukarudi ukakuta jiwe.