Usiuvute mche wa nyanya
Kirusi cha batobato ya nyanya hakiwezi kutoboa ukuta wa seli; kinasubiri jeraha. Mzizi mzima hukizuia mlangoni, na kikipenya, seli huikatakata RNA yake, yaani uzi wa herufi za kikemia unaobeba maelekezo ya kirusi, vipande vya herufi 21 hadi 24. Shida ni mche uliong'olewa kwa kuvutwa: vinywele vya mizizi hubaki kitaluni, na kila kilipokatika ni mlango. Mwagilia kitalu saa moja kabla, kisha chimbua mche na bonge lake la udongo. Kuotesha miche kwenye trei ni bora zaidi. Mabaki ya mizizi ya msimu uliopita yatoe shambani, maana kirusi hudumu humo. Na mvuta sigara anawe kwa sabuni kwanza; tumbaku nayo hukibeba.